TAHARIRI: Fomu za mtandaoni zisiwe ukuta kwa vijana wenye biashara ndogo

KILA tangazo la mkopo, mafunzo au zabuni za vijana siku hizi huishia kwa maneno yale yale: 'jaza fomu mtandaoni'. Wanaotangaza huyataja harakaharaka, kana kwamba kujaza ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Kwa hasla wengi, hapo ndipo safari inapokatikia.

Chukua swali ambalo halikosi katika fomu hizi: 'Mapato ya biashara kwa mwaka'. Kijana anayeuza mitumba Gikomba au matunda Kongowea hahesabu pesa kwa mwaka. Anajua jana aliuza ngapi, anajua Jumamosi hulipa na anajua Januari biashara hulala. Ukimuuliza ya mwaka mzima, atakisia tu. Mmoja ataandika mauzo yote, mwingine ataandika faida, kwa sababu fomu haikueleza 'mapato' ni yapi. Yule anayeogopa ushuru atapunguza, naye anayedhani mkopo hufuata ukubwa wa biashara ataongeza sufuri. Kusanya majibu 10,000 ya aina hiyo na bado huna data. Una makisio 10,000 yaliyopangwa vizuri kwenye jedwali.

Makisio hayo yana uzito wake. Sheria ya Biashara Ndogo na Ndogo Zaidi ya 2012 inatumia mauzo ya mwaka na idadi ya wafanyakazi kuamua biashara iko katika kundi gani. Mauzo yasiyozidi Sh500,000 na wafanyakazi chini ya 10, wewe ni biashara ndogo zaidi. Sasa piga hesabu. Anayeuza Sh1,600 kwa siku, siku sita kwa wiki, anapata Sh499,200 kwa mwaka. Akiuza Sh1,700, anafika Sh530,400 na amevuka mpaka. Tofauti ya shilingi mia moja kwa siku inambadilishia kundi, na sisi bado tunamwachia abahatishe!

Dawa yake si ngumu. Muulize: siku ya kawaida unauza kama pesa ngapi? Siku mbaya je? Unafungua siku ngapi kwa wiki? Kisha mwachie mtambo uzidishe. Kompyuta ilitengenezwa kwa kazi hiyo, mama mboga hakutengenezwa kwa hiyo.

Kuna pia ile nyota nyekundu inayomaanisha 'lazima'. Utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) wa 2016 ulipata biashara ndogo takriban milioni 7.4 nchini, na zaidi ya milioni 5.8 kati yazo hazikuwa na leseni. Ukiweka nyota kwenye 'nambari ya leseni', umewafungia mlango watatu kati ya wanne hata kabla hujawasalimia. Kweli, ziko huduma ambazo haziwezi kukwepa hitaji hilo. Anayetafuta zabuni za serikali kupitia mpango wa AGPO, unaotengea vijana, wanawake na walemavu asilimia 30, ni lazima awe amesajiliwa. Lakini kama unachotaka ni kujua tu vijana wa wadi fulani wanafanya biashara gani, nyota hiyo ni ya nini?

Au sanduku la posta. Ni vijana wangapi wana sanduku la posta mwaka huu?

Halafu kuna vijimambo vidogo vinavyochosha roho: fomu inayokataa nambari za simu zinazoanza na 01, orodha ya wadi zote 1,450 zikiwa zimerundikwa pamoja bila kutenganishwa kwa kaunti, fomu inayotaka uandike jina la jengo na nambari ya chumba ilhali duka lako ni meza kando ya steji. Mbaya zaidi ni ile inayongoja ufike ukurasa wa mwisho ndipo ikuambie ulikosea ukurasa wa pili, kisha inafuta kila kitu. Bando limekwisha, moyo umekwisha.

Ndiyo maana wengi hukimbilia saiba wajaziwe. Hapo shida huanza upya. Mara nyingi barua pepe inayosajiliwa huwa ya mwenye saiba, nywila anaijua yeye, na jibu likija miezi miwili baadaye linaingia kwake. Mwenye biashara hukaa akingoja, akiamini alinyimwa.

Tunajua watakachosema wakuu wa idara: maswali mengi ni kinga dhidi ya walaghai. Sawa, lakini mlaghai ana muda wa kujaza kurasa tisa, na vyeti vya kubandika pia anavyo. Anayeshindwa ni yule mwaminifu aliye na wateja mbele yake. Anzeni na maswali machache, na waliopita mchujo ndio waitishwe stakabadhi. Tena, nyingi ya habari hizo serikali inazo tayari. Hazina ya Hasla ilipozinduliwa Novemba 30, 2022, watu walijisajili kwa kubonyeza *254#, hata wenye kabambe. Mengine kuhusu hazina hiyo yana mjadala wake, ila kwa hili la kujisajili ilionyesha inawezekana.

Sheria nayo iko upande wa mwananchi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data inayokusanywa iwe ile tu inayohitajika kwa kazi iliyotajwa. Kwa hivyo kila afisa anayeongeza swali la dini, la hali ya ndoa au la jina la mzazi kwenye fomu ya biashara anapaswa kujibu: nani atalitumia jibu hili, na kwa uamuzi gani? Akikosa jibu, swali lifutwe.

Kwenu vijana mnaounda mifumo hii, na mko wengi: msiijaribu fomu ofisini kwenye kompyuta kubwa na Wi-Fi. Nendeni nayo Kibuye siku ya soko, kwenye simu ya bei nafuu iliyopasuka kioo, mkampe mtu aijaze akiendelea kuuza. Nyamazeni, mtazame anapokwama. Na iandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, Kiswahili cha kuulizana sokoni, si tafsiri iliyoongezwa usiku wa kuamkia uzinduzi.

Wizara na kaunti nazo, kabla ya kutangaza fomu nyingine, zitoe hadharani hesabu moja kuhusu ile iliyopita: ni wangapi walioifungua, na ni wangapi waliofika mwisho.