Mawe ya Shinkolobwe
Malori ya Kongo yajipangapo Busia kungoja muhuri wa forodha, au yapitapo Malaba kuelekea Tororo, maturubali yake yakiwa yamefungwa kwa kamba, ni nadra mtu kukumbuka kwamba bomu la atomiki, lililobuniwa na kuundwa Los Alamos, Marekani, tangu 1943 chini ya mwanafizikia Oppenheimer, lilitegemea sana urani ya Shinkolobwe, Katanga, huko huko Kongo, ambayo Edgar Sengier wa kampuni ya madini ya Union Minière alikwisha kuificha New York mwaka 1940, yapata tani 1,200 za mawe yake. Oppenheimer hutajwa kwa taadhima. Hiroshima, na ni haki yake, kwa huzuni. Ama wachimbaji Waafrika, waliochambua madini yale kwa mikono, hawana wengi wanaowasimulia, na hiyo naiita dhuluma.