Nani Ameketi Nyuma Mhadhiri Anapofundisha?

Wanafunzi wa shahada ya ualimu katika vyuo vikuu vyetu hutawanyika mikoani kwa mazoezi ya kufundisha. Kijana anasimama mbele ya kidato cha pili na andalio lake la somo, na siku moja anamwona mhadhiri wake akiingia kimya na kuketi dawati la nyuma, fomu ya tathmini mkononi. Kipindi kikiisha wanatoka nje, wanazungumza: ubao umeupanga vizuri, lakini maswali yote umewauliza waliokaa mbele. Kesho yake kijana anajaribu tena. Huo ni utaratibu mzuri. Swali langu ni hili tu: huyo mhadhiri mwenyewe, akifundisha chuoni, nani huketi nyuma?

Kwa wengi, hakuna. Njia ya kuingia katika kazi hii Tanzania inajulikana: ili uanze ngazi ya chini kabisa ya uhadhiri, unatakiwa uwe na shahada ya kwanza yenye GPA isiyopungua 3.8. Alama hizo zinathibitisha kwamba umejua kujibu mitihani. Hazisemi lolote kuhusu uwezo wako wa kumfanya mwingine aelewe. Unapewa kozi, orodha ndefu ya majina, na ukiwa na bahati slaidi za aliyekutangulia. Baadaye, ukiomba kupanda cheo, hoja nzito itakuwa machapisho yako.

Nitaambiwa kwamba wanafunzi hujaza fomu za tathmini mwishoni mwa muhula. Ni kweli, na zisifutwe. Lakini fomu inayojazwa wiki ya mwisho haiwezi kumfaa aliyeijaza. Tena anayeijaza ni kijana anayesubiri matokeo ya kozi hiyohiyo, hivyo anaweka alama ya “vizuri sana” kila mstari na kwenda zake. Ni kama kuuliza chumvi ya mchuzi wageni wakiwa wameshaondoka.

Mrejesho wa pili tunaoutegemea ni ule wa “Tupo pamoja?” Mhadhiri anauliza, ukumbi mzima unaitikia “Tupo!”, naye anafungua slaidi inayofuata. Kila aliyepita chuo kikuu anaijua sauti hiyo, na anajua pia kwamba wengi walioitikia hawakuwapo. Wengine wamepotea katika hoja, wengine katika Kiingereza, maana kulielewa jambo ni kazi moja na kulipatia maneno mbele ya wenzako 300 ni kazi nyingine. Kuitikia “Tupo!” ni adabu tu.

Zipo njia za kupata ukweli, na hazidai fedha nyingi. Mhadhiri anaweza kuacha dakika mbili za mwisho, kila mmoja aandike kwenye kipande cha karatasi, bila jina, jambo moja alilolielewa na moja lililomkwama. Si lazima asome karatasi zote 300. Akichota 30 atajua aanzie wapi kipindi kijacho. Anaweza pia kumwomba mwenzake wa idara aje aketi nyuma na kuhesabu kitu kimoja tu. Kwa mfano, ahesabu sekunde kati ya swali na pale mhadhiri anapolijibu mwenyewe. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi ya shule za msingi, aliona kwamba walimu walikuwa wakisubiri kama sekunde moja hivi. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu yalirefuka na watoto wengi zaidi wakajitokeza. Nina hakika kumbi zetu za mihadhara zingempa kazi.

Kisha lije zoezi lenyewe. Mwaka 1963, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Dwight Allen na wenzake walianza kuwafunza walimu kwa vipindi vidogo: dakika chache, wanafunzi wachache, ustadi mmoja. Mwalimu alifundisha, akarekodiwa, akasikia maoni, akapanga upya, akafundisha tena kundi jingine. Sisi mara nyingi tunaishia kwenye maoni. Tunafanya semina ya siku mbili, tunapewa cheti, na hakuna anayerudi kuona kama jambo lililosemwa limejaribiwa.

Kujichunguza nako si mtindo mpya. Yapata mwaka 400, shemasi mmoja wa Kartago aitwaye Deogratias (jina ambalo halikosekani katika parokia zetu) alimlalamikia Mtakatifu Augustino kwamba akiwafundisha wanaoanza, maneno yake yanamchosha hata yeye mwenyewe. Augustino alimjibu kwa kitabu kizima. Alikiri kwamba naye karibu kila mara haridhiki na anavyosema, kisha akashuka kwenye mambo madogo kabisa: msikilizaji akianza kupiga miayo, mchangamshe, au mpe kiti. Askofu na mwanafalsafa mkubwa, naye aliangalia miayo!

Kikwazo kikubwa kwetu, nadhani, ni cheo. Profesa kukaguliwa na kijana aliyemfundisha jana kunaonekana kama kuvunjiwa heshima, na kijana kukaguliwa na mkuu wa idara kunanuka hukumu. Kwa hiyo wachaguane wenyewe, wawili wawili, na karatasi ya maoni ibaki kwa aliyefundisha. Isiende kwenye faili wala kamati ya vyeo. Ikienda huko, kila mtu atafundisha kipindi cha maonyesho siku hiyo, na tutakuwa tumepoteza muda.

Anayelipa gharama ya yote haya si mhadhiri. Nusu ya darasa ikipata sapu, ni rahisi kusema vijana wa siku hizi ni wavivu. Wapo wavivu, sikatai. Lakini yupo pia aliyedisko akarudi nyumbani kwa mzazi aliyeuza ng'ombe, na hakuna aliyewahi kuuliza kama somo lile lilifundishwa likaeleweka.

Seminari zetu kuu zinaweza kuanza bila kusubiri mtu. Frateri anapofanya mazoezi ya kuhubiri, wenzake na walezi humsikiliza na kumwambia wazi palipolegea. Basi wiki ya nne ya muhula ujao, mwalimu wa falsafa na mwalimu wa Maandiko waketi kila mmoja katika kipindi cha mwenzake, wakazungumze siku hiyohiyo kabla ya chakula cha mchana, na wiki ya nane warudie. Na gombera, kama ana kipindi, aanze yeye.