Wamama wa Lokandu wasome maneno yao wenyewe

Kila tarehe 8 mwezi wa 3, wamama wa Maniema, sawa na wenzao wa Kongo nzima, wanavaa vitenge vyao na kupita kwa mistari mbele ya viongozi. Hotuba zinasomwa, picha zinapigwa, kisha kila mmoja anarudi kwenye shamba na jiko lake. Ni siku nzuri, hatuikatai. Lakini siku ile wanawake wanazungumziwa kuliko wanavyozungumza. Ndiyo maana tunasema: Lokandu inahitaji pia jioni moja kila mwezi ambapo wanawake wanaoandika watakaa pamoja na kusoma kwa sauti yale waliyoandika wao wenyewe.

Kuna watakaocheka. Watauliza: nani atanunua kitabu mahali ambapo feza ileile inangojewa na sabuni, chumvi na dawa ya mtoto? Swali hilo ni la haki. Kitabu kinachotoka Kindu kinateremka na mto Lualaba kwa mashua au kinafungwa nyuma ya pikipiki, na kila hatua ya safari inaongeza bei. Lakini kusomeana hakuanzi na kununua. Kunaanza na daftari, kalamu na watu wanaosikiliza.

Historia inatuunga mkono. Mwana Kupona, mama wa pwani ya Kenya, alimtungia binti yake utenzi mwaka wa 1858. Hakukuwa na duka la vitabu wala mashine ya kuchapa karibu naye. Watu waliunakili kwa mkono, wakausoma kwa sauti, wakaushika kichwani, na leo bado unafundishwa. Hapa kwetu Kongo, Clémentine Nzuji alikuwa na miaka kama 20 tu alipoanzisha kikundi cha washairi kilichoitwa La Pléiade du Congo, mwaka wa 1964, kule Kinshasa ambayo bado iliitwa Léopoldville. Vijana walikutana na kusomeana mashairi. Mwaka wa 1968 alitoa kitabu chake, na baadaye akawa profesa. Kikundi kilitangulia, kitabu kikafuata.

Lokandu yenyewe si mahali pageni kwa Kiswahili. Zamani, ilipoitwa Riba-Riba, ilikuwa kituo cha wafanyabiashara waliopanda kutoka pwani kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Mmoja wa wakubwa wao, Tippu Tip, alituachia maisha yake kwa Kiswahili. Mwanamke aliyebebeshwa mzigo kwenye njia zile hakutuachia kitabu. Tusikubali vita vya miaka yetu visimuliwe vilevile, na wale waliokuwa na bunduki peke yao.

Kwa hiyo lugha ya jioni hizo iwe Kiswahili chetu, kile cha sokoni na cha nyumbani. Katiba ya mwaka wa 2006 inakitaja kati ya lugha nne za taifa. Anayetaka kusoma Kifaransa asome, anayetaka kilega au kikusu asome. Lakini asiwepo mama anayenyamaza kwa kuogopa kosa la Kifaransa.

Tunaweka masharti matatu. La kwanza ni saa. Tusiwaite wamama usiku halafu tukashangaa hawakuja. Waanze saa kumi, wamalize kabla ya giza, na watoto wachanga wakaribishwe. La pili ni heshima. Mwenye kuandika juu ya yaliyompata wakati wa vita asilazimishwe kusoma, na simu zisitolewe kurekodi bila ruhusa yake. Machozi ya mtu si video ya kutumiana. La tatu ni uhuru. Kiongozi akija, akae kati ya wasikilizaji kama wengine. Hotuba ana siku nyingine za kuitoa.

Gharama si kubwa. Shule au parokia inaweza kuazima chumba na viti. Mwenye duka la vitabu au la madaftari anaweza kutenga kona, akauza kurasa zao zilizopigwa fotokopi na kushonwa kwa uzi, na feza irudi kwa aliyeandika. Walimu wanaweza kusaidia wale ambao wanajua hadithi lakini hawajui kuandika: mmoja aseme, mwingine aandike, jina libaki la msemaji.

Wanaume nao waje, wakae kimya saa moja. Wengi wataondoka wakijua juu ya bibi zao na dada zao mambo ambayo hawakuwahi kuuliza.

Mwezi wa 3 utarudi, na vitenge vitavaliwa tena. Tungependa, siku ile, mama wa Lokandu apande mbele ya watu akiwa na karatasi aliyoiandika mwenyewe.