Kiraka Kilishika, Gurudumu Likapotoka

Mtu mmoja wa upande wa Limuru alikuwa akipeleka maziwa asubuhi na mapema, madebe mawili yakiwa yamefungwa imara nyuma ya baiskeli yake. Jioni iliyotangulia alikuwa ameziba pancha ya gurudumu la nyuma kwa mikono yake mwenyewe, na kazi ile ilimpendeza, kwa maana upepo haukupungua usiku kucha. Alipofika penye kilima alisimama juu ya pedali ili asukume kwa nguvu. Mara gurudumu likakwama, baiskeli ikaanguka ubavu, na maziwa yakamwagika yote. Jambo la kwanza alilofanya alipoinuka ni kulibonyeza tairi, aone kama kiraka kimeachia. Kiraka hakikuwa na kosa lo lote, na tairi lilikuwa gumu kama jiwe. Kosa lilikuwa katika nati ya upande wa kulia, ambayo hakuikaza sawasawa.

Tangu John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekuwa akikaa Belfast, alipoandikisha tairi lake la upepo mwaka 1888, watu wamejifunza sana kuziba pancha. Hata mtoto mdogo ajua kuutia mpira ndani ya karai la maji na kutafuta mapovu. Walakini kulirudisha gurudumu mahali pake ni kazi ifanywayo upesi upesi, jua likiwa linazama na mwenye baiskeli akitamani kufika nyumbani.

Kwanza tairi lenyewe. Yafaa kupitisha vidole polepole ndani yake, kwani ncha ya mwiba wa mgunga huweza kubaki humo na kutoboa tena baada ya maili moja. Kisha mpira wa ndani utiwe upepo kidogo tu, upate umbo lake, ndipo uingizwe. Ukingo wa tairi uanze kurudishwa ndani ya rimu upande ulio mbali na vali, na umalizikie penye vali, kwa nguvu za vidole gumba. Mpini wa kijiko hufaa kwa kutoa tairi. Kwa kurudishia, huubana mpira na kufanya pancha ya pili, tena mbaya kuliko ile ya kwanza. Kabla ya kujaza upepo, vali isukumwe kidogo kwenda ndani na kuachwa, ili mpira usibanwe chini ya ukingo.

Sasa gurudumu. Mnyororo utangulie kuwekwa juu ya meno, ndipo ekseli iingizwe katika mianya ya fremu. Katika baiskeli nyingi za mizigo, miguu ya keria na ile ya madigadi hushikwa na ekseli hiyohiyo, nje ya fremu. Baada ya hiyo huja wosha, na mwisho nati. Mtu akiisahau wosha, au akiitia ndani badala ya nje, nati haipati mahali pazuri pa kushika. Bakuli la kuwekea vitu hivi kwa taratibu vilivyotolewa lingewaokoa wengi wanaotafuta nati gizani katika majani.

Gurudumu livutwe nyuma mpaka mnyororo uweze kupanda na kushuka kama nusu inchi ukiguswa katikati. Ukilegea mno utatoka juu ya meno. Ukikazwa mno utakula meno na kuchosha miguu. Pedali zizungushwe polepole wakati wa kupima, kwa sababu mara nyingi mnyororo hukaza mahali pamoja na kulegea pengine. Penye kukaza zaidi ndipo papimwe. Kisha tairi litazamwe kutoka nyuma, nafasi iwe sawa kulia na kushoto kati ya vyuma vya fremu.

Hapo ndipo nati zikazwe, kidogo upande huu na kidogo upande wa pili, mpaka zote zishike kabisa. Ile ya kulia haitaki huruma. Mnyororo uko upande huo, na kila mtu akanyagapo pedali, hasa penye kilima na mzigo, huivuta ncha ya kulia ya ekseli kwenda mbele. Nati ikilegea, ncha hiyo husogea, tairi hugeuka kushoto na kusugua fremu, na gurudumu hukwama. Ndivyo maziwa yalivyomwagika. Tena ikazwe kwa spana iliyo sawa na nati. Koleo hulaza kona zake, na siku ya pancha nyingine nati haitatoka.

Breki za vyuma nazo zikaguliwe. Mipira yake hukamata upande wa ndani wa rimu, na gurudumu likisogezwa nyuma au mbele nafasi ile hubadilika. Gurudumu lizungushwe kwa mkono: lisiguse kitu, wala lisicheze likisukumwa ubavuni.

Mwenye baiskeli na aipande kwanza bila mzigo, hatua mia hivi, akikanyaga kwa nguvu na kushika breki mara mbili tatu. Akirudi atie spana tena. Nati ikikubali kuzunguka hata kidogo, ikazwe, ndipo madebe yafungwe.