Kazi Niitakayo

Tukiulizwa kazi tuzitakazo, wengi wetu hujibu udaktari au uanasheria. Mimi nilijibu tiba kwa vitendo. Wenzangu wakacheka, wakidhani ni kazi ya kucheza na watoto.

Kwetu Masanze nina mdogo wangu mwenye mtindio wa ubongo. Hakuweza kushika kijiko. Mama alimpeleka hospitali, na huko mtaalamu akamwonyesha jinsi ya kuuzungushia mpini kitambaa ili uwe mnene, na kumketisha mtoto wima, mgongo umeegemezwa. Leo hunywa uji mwenyewe, ingawa nusu humwagika. Je, huo ni mchezo?

Kosa letu ni kuwaficha watoto hao ndani mpaka wakue. Samaki mkunje angali mbichi: ubongo wa mtoto mdogo hufundishika upesi zaidi. Kazi hii hufundishwa KCMC, Moshi, lakini wataalamu wake ni wachache.

Wazazi wetu, watoeni watoto hao mapema. Nanyi wenzangu, msiidharau kazi hii. Mimi nikifaulu nitaisomea, kisha nirudi Kilosa.

Mwanafunzi, Kidato cha IV