Nywila imara peke yake haitoshi

Kuna shambulio lisilohitaji kuiba nywila. Msimamizi wa tovuti akiwa bado ndani ya akaunti yake, akabofya kiungo cha mtego, kivinjari hutuma ombi pamoja na vidakuzi vyake, na tovuti huamini ni yeye. Januari 2020, Code Snippets, programu-jalizi ya WordPress iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 200,000, ilikutwa na pengo lililoruhusu shambulio hilo: sehemu ya kuingiza msimbo haikuhakiki ombi limetoka wapi. Toleo 2.14.0 lililiziba. Ndugu wasimamizi, sasisheni mapema, na mkimaliza kazi tokeni kwenye akaunti. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.