Ng'ombe Zizini, Mama Kitandani



Katika wilaya za Tarime na Serengeti lipo jambo ambalo hatuna haki ya kuendelea kulinyamazia. Mama anagundua uvimbe mdogo katika titi. Hauumi, naye anaambiwa avumilie. Miezi inapita: ngozi inakunjamana, chuchu inaingia ndani, kidonda kinafunguka. Hatimaye macho yanakuwa ya manjano, tumbo linajaa maji, na maumivu yanakita chini ya mbavu za kulia. Hapo watu husema, "Amelogwa". Na hapo padre huitwa, pengine kabla ya daktari.

Tuseme wazi: huo si uchawi. Saratani ya titi isipotibiwa mapema huweza kusafiri katika damu hadi kwenye mifupa, mapafu, ubongo na ini. Ini likishavamiwa, nyongo hushindwa kutoka ipasavyo, na macho hugeuka manjano. Anayemnywesha mgonjwa huyo mizizi isiyo na kipimo humwongezea mzigo, kwa maana baadhi ya mitishamba huliumiza ini lenyewe.

Wapo watakaojibu: "Ni umaskini, Bugando ni mbali." Kweli, safari ya kutoka Sirari au Mugumu hadi Mwanza ni ndefu na ina gharama. Lakini ni umaskini gani huu unaopata ng'ombe wa mahari, ng'ombe wa kesi na ng'ombe wa sherehe, ukakosa ng'ombe mmoja wa nauli na vipimo vya mama? Baadhi ya ng'ombe hao waliingia zizini kwa mahari ya binti aliyemzaa yeye. Amewachunga, amewakamua, lakini neno la kuuza si lake. Huo si umaskini, ni dhuluma.

Wala hatuiachi Serikali. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango unaotaka uchunguzi wa saratani ya titi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Maneno hayo mazuri hayamfai kitu mama wa kijijini, ikiwa zahanati yake haina mtu wa kumpima titi na kumwandikia rufaa.

Na yule ambaye ini lake limekwisha kuvamiwa? Kwa kawaida hataponywa, lakini hiyo si ruhusa ya kumtupa. Zipo dawa za kupunguza kasi ya ugonjwa. Maji ya tumboni huweza kutolewa. Maumivu hutulizwa kwa mofini. Kumwacha alie usiku kucha huku dawa ipo ni ukatili.

Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, akina mama wa WAWATA, wazee wa koo: kila uvimbe upimwe, hata usiouma. Ulizeni bila woga katika kila nyumba: ng'ombe tumewaona; mama amepelekwa lini hospitali?